Kuuza kwa Picha: Je, Mwuzaji Apaswa Kusema Yote?

Siku hizi hapa Kasuku tunayo masoko mawili. La kwanza ni lile tulilolizoea tangu utoto: meza za mbao, mama na beseni lake la mchele, kelele, vumbi na jua. La pili halina meza wala kelele, kwa maana limo ndani ya simu. Mtu huamka asubuhi, hufungua WhatsApp, na kabla hajanawa uso amekwisha kuonyeshwa vitenge sita, viatu vya shule, mafuta ya nywele, simu «mpya kabisa», na kiwanja kimoja ng'ambo ya mto, Alunguli. Akipendezwa na kitu, huandika neno moja, hutuma fedha kwa M-Pesa au Airtel Money au Orange Money, kisha hungoja.

Wako wanaosema kwamba soko hili la pili ni wizi mtupu. Wako tena wanaosema kwamba ni maendeleo tu, na kwamba mambo ya haki na dhambi hayaingii humo. Sisi hatukubaliani na hao wala na hao. Swali lililomo ni la kale kupita simu, na wenye akili walikwisha kulibishania zamani sana, nalo ni hili: mwuzaji ajua mambo ambayo mnunuzi hayajui; je, apaswa kumwambia yote?

Lakini tuangalie kwanza kazi yenyewe jinsi inavyokwenda, kwani hakuna awezaye kuhukumu asilolijua.

Kindu yetu iko mbali na viwanda. Reli itokayo kusini huishia hapa, nayo treni haina desturi ya kuwahi. Barabara za kwenda Bukavu twazijua. Basi mtu atakaye kufungua duka hapana budi awe na mtaji mkubwa: kodi ya nyumba, ushuru wa namna nyingi, na mali ya kujaza rafu inayokaa miezi kabla ya kuisha. Lakini yule auzaye kwa simu hana rafu. Anaye rafiki katika mji mwingine, pengine Lubumbashi, pengine Dubai au Guangzhou, ambaye humpelekea picha za mali. Yeye huzitangaza picha hizo, hukusanya fedha za wanunuzi, na hapo ndipo huagiza. Mali haijawa yake bado wakati anapoiuza.

Msomaji atazame vema neno hili. Katika duka la kale, mwenye duka ndiye aliyetanguliza fedha zake, na mnunuzi alilipa alipokwisha kushika kitu. Katika soko la simu mambo yamegeuka. Mnunuzi ndiye anayetanguliza, maana yake ndiye anayemkopesha mwuzaji mtaji, tena bila faida na bila karatasi. Mwalimu mwenye mshahara mdogo wa Kasuku amekuwa benki ya mfanya biashara, naye hajui kwamba ni benki. Hatusemi kwamba ni vibaya. Kwa njia hiyo mjane asiye na kitu aweza kuanza biashara kwa simu ya mkono na mega chache, na hilo ni jema kubwa. Duka lisingempokea kamwe. Walakini anayekopa ana wajibu wa mkopaji, hata kama neno «mkopo» halikutajwa.

Kampuni kubwa zilijaribu njia nyingine. Jumia, iliyoanza Nigeria mwaka 2012, ilifika nchi nyingi za Afrika na maghala yake na magari yake. Tanzania ikafunga kazi mwezi wa Novemba 2019. Wanawake wenye simu hawakufunga. Sababu si ngumu kuona: wao wajua nyumba ya mteja ni ile iliyo nyuma ya mwembe, nao mteja ajua mama yao ni nani. Biashara ya simu katika miji yetu husimama juu ya kujuana. Ndiyo maana matangazo hupenda kuingia katika makundi ambayo watu walikwisha kuaminiana, kama ya familia, ya shule au ya kwaya. (Na hapa twaomba ruhusa ya kusema neno kwa waimbaji. Kundi la kwaya lilifanywa ili watu wajue saa ya mazoezi. Sasa mtu lazima apite nywele bandia nne na dawa moja ya kupunguza tumbo kabla ya kuiona saa hiyo, kisha twashangaa kwamba sauti ya tatu wamechelewa.)

Kuaminiana huko ni mali ya watu wote, wala si ya yule auzaye peke yake. Sisi wa Maniema twajua jambo hili kupita wengi. Kiswahili chetu chenyewe kilifika na wafanya biashara, njia ya Kasongo na Nyangwe. Pale Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, palikuwa na soko kubwa, na wauzaji wengi walikuwa wanawake, wakija kwa mitumbwi na samaki na muhogo na vyungu. Livingstone alikuwapo mwaka 1871, akaona jinsi walivyofurahia kupatana bei. Tarehe 15 Julai mwaka ule watu wenye bunduki waliingia sokoni, wakawapiga risasi wanawake wale, na wengi wengine wakafa majini. Soko huishi siku watu wanapokuja bila hofu. Hatulinganishi mauaji yale na kitenge kilichofifia rangi. Twataka tu kuonyesha kwamba soko si vitu na fedha tu. Ni amani fulani kati ya watu wasiojuana sana, na amani hiyo yaweza kuharibiwa na wachache.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, aliandika katika Summa yake sehemu nzima juu ya udanganyifu katika kununua na kuuza. Ni swali la 77 katika nusu ya pili ya Sehemu ya Pili. Humo auliza kama mwuzaji apaswa kutangaza kasoro ya kitu chake. Jibu lake ni la mtu aliyewahi kuona soko. Apambanua kasoro iliyo wazi na kasoro iliyofichika. Mtu akiuza farasi mwenye jicho moja, hana haja ya kupiga mbiu juu ya jicho lile, maana kila mtu aliona, mradi bei yake ishuke kadiri inavyofaa. Lakini kasoro isiyoonekana, ambayo yaweza kumletea mnunuzi hatari au hasara, hiyo mwuzaji apaswa kuisema. Akiinyamazia, biashara yake si ya haki.

Basi tulipeleke fundisho hilo katika simu. Sokoni mama huchota mchele, huutazama kiganjani, hutia punje mdomoni kujua kama ni wa zamani, huangalia kama kuna mawe. Kitenge hukishika, hukivuta, hukigeuza upande wa nyuma kuona kama rangi imepenya. Simu huiwasha. Macho yake na vidole vyake ndivyo mlinzi wake. Katika picha mlinzi huyo hayupo. Upande wa nyuma hauonekani, uzito hauonekani, na harufu haipo kabisa. Kwa hiyo twasema hivi: katika biashara ya picha kila kasoro ni kasoro iliyofichika. Hata jicho bovu la farasi limefichika, ikiwa farasi amepigwa picha upande wa jicho zima. Na ikiwa ni hivyo, wajibu wa mwuzaji haukupungua kwa sababu ya simu, umeongezeka. Jambo ambalo sokoni angeweza kulinyamazia bila kosa, hapa apaswa kulisema.

Pengine msomaji atapinga na kusema: mnunuzi naye ana mdomo, kwa nini asiulize? Ni kweli, aulize. Lakini mtu huuliza juu ya yale anayoyashuku. Nani atauliza, «Je, picha hii ni ya kitu hiki?» Mtu wa kawaida hudhani kwamba ni yake. Na hapa ndipo penye ugonjwa mkubwa wa soko hili. Picha nyingi hazikupigwa Kindu, wala katika stoo ya rafiki. Zimechukuliwa katika intaneti, zikiwa za kitu kingine kinachofanana, kilichoshonwa vizuri zaidi, kikavaliwa na mtu mrembo chini ya taa nzuri. Mwuzaji hakuandika neno hata moja la uongo; alipeleka picha na bei tu. Je, amesema uongo?

Twajibu kwamba amesema. Uongo haukai katika ulimi peke yake. Mtakatifu Tomaso huyo huyo, mahali pengine katika kitabu kile, asema kwamba ishara ya tendo yaweza kudanganya sawasawa na neno, na kwamba mtu ajifanyaye asivyo amesema uongo kwa matendo yake. Picha ni ishara. Aliyeipeleka ataka nisadiki kwamba kitu kile kitafika mlangoni pangu. Kama ajua kwamba kitakachofika ni kingine, basi amenena kinyume cha anachokijua, tena kwa kusudi la kupata fedha zangu. Angeandika chini ya picha, «Huu ni mfano tu, chako chaweza kuwa tofauti kidogo», mambo yangekuwa mengine. Maneno hayo hayagharimu hata mega moja.

Juu ya matengenezo ya picha, yaani kung'arisha rangi na kufuta madoa, hatutaki kuwa wakali kupita kiasi. Mama wa sokoni naye huweka nyanya nzuri juu na mbovu chini, na kila mnunuzi ajua mchezo huo, naye huingiza mkono chini. Ila katika picha mkono hauna pa kuingia.

Liko swali la pili, gumu kupita la kwanza. Si juu ya kasoro ya kitu, bali juu ya habari. Cicero, Mrumi, alipomwandikia mwanawe juu ya wajibu wa mtu, mwaka 44 kabla ya Kristo, alitoa mfano huu. Kisiwani Rodi kuna njaa. Mfanya biashara mwema afika na nafaka kutoka Aleksandria. Njiani ameona merikebu nyingine nyingi zimejaa nafaka, nazo zinakuja huko huko. Je, awaambie watu wa Rodi, na bei ishuke, au anyamaze auze ghali? Cicero aeleza jinsi wenye hekima wawili walivyobishana. Diogene wa Babeli alisema: mwuzaji aseme yale ambayo sheria yadai, yaliyobaki ni yake. Antipatro, mwanafunzi wake, alisema: haifai kuficha lolote ambalo mnunuzi angependa kulijua, kwani watu wote ni ndugu wa jamii moja. Cicero akamwelekea Antipatro. Mtakatifu Tomaso alipoushika mfano huo alikuwa mpole kidogo: kwa haki tupu yule mtu hakufungwa kusema, maana auza kwa bei iliyopo leo, lakini akisema, au akipunguza bei, atakuwa ametenda kwa fadhila kubwa zaidi.

Mfano huu waonekana wa mbali, lakini twaujua kila wiki. Mtu ana chumvi stoo. Katika simu yake aona kwamba treni imepita Kibombo na mabehewa ya chumvi. Jirani yake hajui. Auze upesi leo kwa bei ya juu? Au kinyume chake: tarehe 27 Januari 2025 M23 waliingia Goma, na uwanja wa ndege ukafungwa. Mtu aliyepata habari ile saa moja mapema angeweza kuzunguka Kasuku akinunua kila kitu kwa bei ya jana, ili akiuze kesho kwa bei ya hofu.

Sisi twasema tupambanue. Mtu aliyepata habari kwa juhudi yake, asidanganye, ana haki ya kupata faida ya kiasi, kama vile mkulima aliyeamka mapema. Lakini akiulizwa, «Ndugu, umesikia lolote juu ya treni?» akajibu hapana, amekwisha kutoka katika ukimya na kuingia katika uongo. Tena kitu chenyewe kina maana. Kunyamaza juu ya bei ya mkoba wa harusi si sawa na kunyamaza juu ya chumvi au unga, wakati watu wana shida. Hapo Antipatro ana nguvu kupita Diogene, wala hatuoni njia ya kumkwepa.

Kwa upande huu simu imefanya jambo jema, na yafaa tuliseme waziwazi. Zamani mwenye habari alikuwa mmoja, na mji mzima ulikuwa Rodi. Leo mkulima wa mpunga aweza kuuliza bei ya Kindu kabla hajapakia baiskeli, na mnunuzi wa Kasuku aweza kujua kitenge kile kile chauzwaje Lubumbashi. Anayekasirika kwa sababu wateja wamejua bei, ajiulize alikuwa akiishi kwa nini.

Walakini habari hazikugawanywa sawa kwa wote. Zile kampuni kubwa zenye mitandao, kama Facebook, iliyoinunua WhatsApp mwaka 2014, hupata sehemu kubwa kabisa ya fedha zao kwa kuwauzia wafanya biashara nafasi ya matangazo. Katika Facebook, ukisimama mara mbili mbele ya picha ya gauni la arusi, kesho utaletewa gauni tano. Mwuzaji wa zamani alijua tamaa ya mteja kwa sababu alikuwa jirani yake. Alijua pia kwamba mtoto wake ni mgonjwa, akaona haya kumbana. Mashine hiyo yajua tamaa bila kuwa jirani, wala haina haya. Roma ilitoa hati juu ya maadili ya matangazo mwaka 1997, na nyingine juu ya maadili ya intaneti mwaka 2002. Ile ya kwanza yadai mambo matatu: ukweli, heshima ya mtu, na wajibu kwa jamii. Serikali yetu nayo ilitoa Sheria ya Mambo ya Dijitali tarehe 13 Machi 2023, nayo yagusa biashara ya namna hii. Ni vema iwepo. Lakini ugomvi wa kitenge cha dola kumi na tano hauendi mahakamani. Huishia uani, mbele ya wajomba.

Na ugomvi unaoletwa mbele ya wajomba mara nyingi ni huu. Tuseme mama mmoja amekusanya fedha za watu ishirini, akazituma kwa rafiki yake mwenye mali. Njia ikafungwa kwa vita, au mashua ikazama, au rafiki akazima simu. Vitenge havikuja. Hasara ni ya nani? Mama asema, «Mimi nilikuwa mjumbe wenu tu.» Wanunuzi wasema, «Wewe ulituuzia.»

Wanateolojia wa maadili wana kanuni ya kale kwamba kitu huangamia kwa hasara ya mwenyewe. Basi tuulize, mwenyewe alikuwa nani? Kama mama alisema, «Nipeni fedha nikawanunulie, bei ya huko ni hii, na ujira wangu ni huu», alikuwa mjumbe kweli. Kama hakuzembea, hasara ni ya waliomtuma, ingawa ujira wake hawezi kuudai. Lakini kama alisema, «Nauza kitenge, dola kumi na tano», bila kutaja alikitoa wapi wala kwa kiasi gani, alijifanya mwenye mali, na kitu ni chake mpaka kifike mkononi mwa mnunuzi. Ubaya ni kwamba wengi hawataki kuchagua. Siku ya faida wao ni wauzaji, hawaulizwi bei ya huko. Siku ya hasara wamekuwa wajumbe. Hilo haliwezekani. Ataliwaye faida ya mwenye mali apokee na hasara ya mwenye mali.

Lakini akishindwa kulipa, kwa sababu hana kitu kweli? Deni halifutiki, ila muda wapasa kutolewa. Na hapa wanunuzi wengine hutenda neno ambalo laonekana kwao ni haki: huchukua picha ya mama yule, huiandikia «MWIZI», na kuisambaza katika makundi yote, hata lile la shule ya watoto wake. Mwizi ni yule aliyekusudia. Kumwita hivyo mtu aliyepatwa na hasara ni kumwibia jina, na jina halirudishwi kwa M-Pesa. Aliyehakikisha kwamba fulani ni tapeli na kwamba wengine wako hatarini, huyo aweza kuwaonya. Asiyehakikisha anyamaze kwanza, aende nyumbani kwake wakaongee.

Wanunuzi nao wana makosa yao, ambayo twayapita haraka kwa sababu hayahitaji Mtakatifu Tomaso: kuagiza kitu na kukikataa mlangoni baada ya mwenye pikipiki kuchoma mafuta, kuonyesha ujumbe wa M-Pesa uliotungwa.

Wako wauzaji hapa kwetu waliokwisha kupata njia nzuri bila kufundishwa na mtu. Hupiga video ya kitu chenyewe, mbele na nyuma, si picha ya kuazima. Husema kiko wapi sasa. Hupokea nusu ya fedha mwanzoni na nusu kitu kinapofika, na hivi hatari hugawanyika kati ya wote wawili. Twaona kwamba nusu ni kipimo cha haki kwa nguo na viatu. Kwa simu za mkono zilizokwisha kutumika, tungependa mnunuzi azitumie kwanza siku mbili, kwa maana betri hainyeshi ugonjwa wake katika video.

Kuhusu dawa jibu letu ni fupi. Picha ya sanduku haisemi kama sanduku lilikaa juani wiki tatu, wala kama kilichomo ni dawa au unga. Mwuzaji mwenyewe mara nyingi hajui. Na asilolijua hawezi kulitangaza, hata akitaka kutimiza wajibu wake wote. Kwa hiyo dawa asiiuze kwa picha.